Jibu: Kwa nini pumzi za mgonjwa wa mofini huhesabiwa

Ndugu yangu wa Nyamanoro, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini muuguzi alihesabu pumzi za mama usiku kucha baada ya kumchoma mofini, dawa kali ya maumivu, ilhali kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 97.

Mofini na jamii yake hupunguza kasi ya sehemu ya shina la ubongo inayopanga pumzi, na vilevile hufifisha kengele mbili za mwili: ile inayolia hewa ya ukaa inapojaa katika damu, na ile ya vihisio vidogo vya shingoni vinavyotambua upungufu wa oksijeni. Mtu mwingine angehema kwa nguvu. Huyu hulala tu, asihisi kubanwa. Na kama mama alikuwa amewekewa oksijeni ya puani, hiyo 97 ingeweza kudumu hata pumzi zikiwa chache mno, huku hewa ya ukaa ikizidi kupanda.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Baba yangu mdogo, nikimuuguza hapa Mwanza, nilimhesabia 7, akikoroma kwa kukatakata na kucha zikianza kuwa za buluu. Alichomwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, akafumbua macho, lakini hakuachwa, kwa sababu dawa hiyo huisha nguvu mapema kuliko mofini.

Mama akirudi nyumbani na vidonge vya mofini, asichanganye na pombe wala diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mofini yenyewe msiiogope, mradi kipimo ni cha daktari.