However siyo ndugu wa but

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha nne, insha zangu za Kingereza zinarudi na wino mwekundu kila penye however. Juzi niliandika "The bus was late, however we arrived on time" nikakatwa maksi, mwenzangu kaweka but palepale na koma ileile akapewa tiki. Si maana ni moja jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inaniuma mtoto akikatwa maksi bila kuambiwa kwanini, ngoja tulimalize. Maana ni karibu moja ila kazi mbalimbali, na alama inafuata kazi. But ni kiunganishi, inashika sentensi mbili kwa msaada wa koma tu, wenzake ni and, or, nor, so, yet na for, basi, hao saba. However ni kielezi, haiwezi kushika sentensi mbili, kwahiyo kabla yake maliza kwa nukta au weka nukta-mkato, na baada yake koma: The bus was late; however, we arrived on time. Therefore, moreover na nevertheless nazo hivyohivyo.

Ukisahau kundi, lihamishe neno. "We, however, arrived on time" inakubali, "We arrived on time, however" inakubali pia, sasa jaribu "We, but, arrived on time" uone inavyogoma. Linalohamahama ndani ya sentensi yake hivyo siyo kiunganishi, na hilo jaribio unalifanya kimoyomoyo hata kwenye chumba cha mtihani.

Ila usije ukamwaga koma kila penye and na but. Inatakiwa pale kila upande una mtenda wake na kitenzi chake. "We arrived and sat down" mtenda ni mmoja, koma ya nini hapo?

Because na although zenyewe zikianza sentensi, koma inakaa kipande chao kinapoishia: Although the bus was late, we arrived on time. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteza maksi, maana Kiswahili tumezoea ingawa halafu lakini, tunaandika "Although the bus was late, but we arrived", Kingereza hakitaki zote mbili, chagua moja, ukiweka although futa but.