Spana ya Babu Ilitengenezwa na Nani?

SWALI: Katika sanduku la marehemu babu, aliyekuwa fundi wa magari hapa Kisumu, nimepata spana iliyochongwa "1/2 W" ambayo haikamati nati ya nusu inchi. W ni kiwanda gani?
Msomaji, Kondele

JIBU: Si kiwanda. Ni Whitworth, mfumo wa skrubu wa Uingereza wa 1841, ambao namba yake hutaja unene wa bolti wala si upana wa mdomo wa spana, na ndiyo maana mdomo wa yako unakaribia inchi moja. Ili uone chapa ya kiwanda, safisha mpini kwa mafuta ya taa na brashi laini. Msasa, ambao mafundi wetu huukimbilia mno, hula chapa. Picha ya mbwa aina ya bulldog ni ya King Dick wa Birmingham. Herufi B ndani ya pembetatu ni Billings & Spencer wa Marekani. Neno Ford hutaja gari tu, kwani kampuni hiyo iliagiza spana kutoka viwanda kadhaa.