Kabla Hujaenda Kwenye Tawi la Pamoja la Chama cha Akiba na Mikopo

Mtu anayehama jimbo nchini Marekani hupewa ushauri uleule: afunge akaunti yake katika chama cha akiba na mikopo, afungue nyingine katika benki yenye matawi kila mji. Mimi nilihama na akaunti nikaiacha palepale, kwa kuwa chama changu kimo katika mtandao wa matawi ya pamoja, yaani utaratibu unaomwezesha mwanachama wa chama kimoja kuhudumiwa kwenye kaunta ya chama kingine. Mtandao mkubwa zaidi una matawi zaidi ya 5,000, nao uko chini ya Velera, kampuni iliyotokana na kuungana kwa PSCU na Co-op Solutions, kampuni mbili zilizokuwa zikihudumia vyama vya aina hii, mwaka 2024.

Usiridhike na kuona alama ya mtandao kwenye mashine ya ATM. Mtandao wa mashine na mtandao wa matawi ni vitu viwili, na chama kinaweza kuwa katika kimoja bila kuwa katika kingine. Tena vipo vyama vinavyowaruhusu wanachama wao kuhudumiwa kwingine huku vyenyewe havipokei wageni. Tafuta tawi kupitia tovuti ya mtandao au ya chama chako, kisha lipigie simu, kwa sababu saa za kuwahudumia wageni si lazima zilingane na saa za tawi lenyewe.

Dirishani, keshia atataka jina kamili la chama chako, namba yako ya uanachama, kitambulisho halali chenye picha kilichotolewa na serikali, na mara nyingi tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Hapo ndipo wengi hukwama. Namba iliyochapishwa kwenye kadi si namba ya uanachama, na majina ya vyama yanafanana mno, hata neno moja likikosekana keshia anaweza kukuangalia katika chama kisicho chako. Mimi huandika jina la chama, makao yake makuu na namba ya uanachama kwenye karatasi ndogo, nikaikabidhi pamoja na kitambulisho. Taja pia akaunti unayoikusudia, ya akiba au ya hundi, maana keshia wa chama mwenyeji hajui mazoea yako.

Kuweka fedha, kutoa, kuhamisha kati ya akaunti zako na kulipa rejesho la mkopo kwa kawaida hufanyika bila shida. Kubadili anwani, kufunga akaunti au kushughulikia ombi la mkopo ni kazi ya chama chako. Katika kutoa fedha taslimu unabanwa na masharti ya pande mbili, kwa hiyo ukihitaji kiasi kikubwa uliza kwanza kikomo cha siku kwa chama chako na kwa mwenyeji, usije ukasafiri bure. Hundi nayo inaweza kuzuiliwa kwa siku kadhaa kabla hujaruhusiwa kuitumia, na kwa maoni yangu hundi unayoitegemea kulipia kodi ya nyumba inayodaiwa kesho si ya kupeleka huko leo.

Wapo wanaohofia usalama wa fedha zinazopokelewa na chama kingine. Fedha hizo huingia katika akaunti yako ya chama chako, si ya mwenyeji, na ikiwa chama chako kina bima ya mfuko wa serikali unaosimamiwa na NCUA, yaani mamlaka ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia vyama hivi, amana binafsi za kila mwanachama zinalindwa hadi dola 250,000.

Soma risiti kabla hujaondoka dirishani, uone kama jina la chama, akaunti na kiasi ni sahihi, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa keshia kurekebisha kosa ukiwa bado umesimama mbele yake. Ukiligundua baadaye, piga simu kwa chama chako, maana ndicho chenye akaunti yako. Wao watawasiliana na mwenyeji, na watakuuliza tarehe, tawi na namba ya muamala, ambavyo vyote utavisoma kwenye risiti hiyohiyo.