Injili ni ngapi? Majibu kwa maswali yenu kuhusu Myahudi na Mataifa

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: je, Mungu ana ujumbe mmoja kwa Myahudi na mwingine kwetu sisi watu wa Mataifa? Nimechagua chache. Zilizotaka tarehe ya kurudi kwa Bwana sijazijibu, na sitazijibu.

Shalom mtumishi. Katika kikundi chetu cha kusoma Neno kuna ndugu anafundisha kwamba Wagalatia 2:7 inataja injili mbili, ya Petro kwa waliotahiriwa na ya Paulo kwa wasiotahiriwa. Ya Petro ilikuwa toba na ubatizo, ya Paulo ni neema tupu. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli. Huyo ndugu amesoma mstari wa 7 akafunga Biblia. Mistari minane mbele, Paulo yuleyule anamkemea Petro yuleyule mbele ya watu wote kule Antiokia, na anachomwambia ni hiki: sisi tulio Wayahudi kwa asili tunajua kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa imani ya Kristo Yesu, na ndiyo maana na sisi tulimwamini. Kama Petro angekuwa na injili yake halali ya waliotahiriwa, kemeo hilo lingekosa msingi. Petro angejibu tu, "Ndugu yangu, wewe hubiri ya kwako, niachie ya kwangu." Hakujibu hivyo. Kilichogawanywa Yerusalemu ni shamba la kazi, nani aende kwa nani, na Yakobo, Kefa (yaani Petro) na Yohana wakampa Paulo na Barnaba mkono wa shirika. Tena katika sura ya kwanza Paulo ameshamlaani yeyote, hata malaika, atakayeleta injili nyingine. Aliyelaani injili ya pili katika sura ya 1 hawezi kuibariki katika sura ya 2.

Msikieni na Petro mwenyewe katika Matendo 15, kwenye ule mkutano wa Yerusalemu wa mwaka 49 hivi: "Bali twaamini kwamba tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu vile vile kama wao." Angalieni upande anaoanzia. Hasemi Mataifa wataokoka kama sisi Wayahudi. Anasema sisi Wayahudi tutaokoka kama wao. Na Paulo, akiisha kuwakumbusha Wakorintho habari ya Kristo aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka, anamalizia hivi: "Basi, kama ni mimi, kama ni wale, ndivyo tuhubirivyo, na ndivyo mlivyoamini."

Mafundisho haya yana asili, na ni vizuri mjue yanatoka wapi. Mhubiri John Nelson Darby, katika karne ya 19, alifundisha kwamba Israeli na Kanisa ni watu wawili wa Mungu wenye mipango miwili. Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ikayasambaza mawazo hayo dunia nzima, na mpaka leo wachungaji wetu wengi wanahubiri maelezo yake wakidhani wanahubiri andiko. E. W. Bullinger, mwalimu wa Biblia wa Uingereza aliyefariki mwaka 1913, akaenda mbali zaidi: kwake Kanisa tulilomo lilianza baada ya Matendo 28. Waliomfuata kwenye njia hiyo wakaacha ubatizo wa maji, na wengine wakaacha hata Meza ya Bwana. Cornelius Stam, mwalimu wa Biblia wa Marekani, akaurudisha mwanzo wa Kanisa katikati ya Matendo, lakini mgawanyo wa Petro na Paulo ukabaki.

Kwa haki lazima niseme kwamba wengi walio upande wa Darby hawakufika huko. Charles Ryrie aliandika wazi mwaka 1965 kwamba msingi wa wokovu katika kila kipindi ni kifo cha Kristo, na sharti lake ni imani. Mimi sikubaliani na Ryrie katika mengi, ila hapo alisimama mahali salama. Ndugu yenu wa Morogoro hayupo hapo. Yupo karibu na Markioni, yule aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144 kwa kulitupa Agano la Kale na kubaki na Injili ya Luka aliyoikatakata pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Mwambieni hivyo kwa upole, lakini mwambieni. Na kama hasikii, asipewe tena nafasi ya kufundisha.

Je, ni kweli kwamba Sala ya Bwana na Mahubiri ya Mlimani ni ya Wayahudi tu? (Msomaji, Eldoret)

Mathayo 28:19 na 20: kawafanyeni mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi. Mataifa yote. Yote niliyowaamuru. Endelea kusali.

Yesu alikuwa wa dini gani? (Wasomaji wengi)

Myahudi. Alitahiriwa siku ya nane, alikwenda sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake, na alikula Pasaka. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Anayeuliza tena asome kwanza Luka sura ya 2 na ya 4.

Mimi ni Mkatoliki. Nimesikia Kanisa letu sasa linafundisha kwamba Wayahudi wana agano lao na hawahitaji kuhubiriwa Yesu. Naomba ufafanuzi. (Msomaji, Bukoba)

Umesikia nusu. Tume ya Vatikani ya mahusiano na Wayahudi ilitoa waraka Desemba 2015, ikiadhimisha miaka 50 ya Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuhusu dini zisizo za Kikristo. Waraka ule unasema Kanisa Katoliki haliendeshi wala haliungi mkono kazi maalumu ya kitaasisi ya kuwaongoa Wayahudi. Lakini waraka huohuo unakana kuwepo kwa njia mbili za wokovu, na unasema Wakristo wameitwa kumshuhudia Kristo hata kwa Wayahudi, kwa unyenyekevu. Nchini Marekani mwaka 2002 ilitoka karatasi ya mazungumzo iliyoelekea kusema kazi ya kuwahubiri Wayahudi haina tena nafasi. Mwaka 2009 maaskofu wa huko wakatoa maelezo ya kuisahihisha. Kwa hiyo anayekwambia "Roma imesema Myahudi hamhitaji Yesu" anakudanganya au hajasoma.

Wazo lenyewe la maagano mawili lina mtetezi mashuhuri, Franz Rosenzweig, Myahudi wa Ujerumani. Yeye alisema kwamba hakuna ajaye kwa Baba ila kwa Yesu, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kwa Baba, yaani Israeli. Namheshimu. Alikuwa karibu kubatizwa mwaka 1913, akarudi kwenye imani ya baba zake, na alisema kama Myahudi mkweli. Siwezi kumwelewa Mkristo anayeliazima neno hilo na kuliweka kinywani mwa mitume. Siku ya Pentekoste Petro alikuwa anahubiria nani? Wayahudi na waongofu wa Kiyahudi. Wale kama elfu tatu waliobatizwa siku ile walikuwa na agano la Ibrahimu, walikuwa na hekalu mbele ya macho yao, na bado wakachomwa mioyo, wakauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Paulo katika Warumi 9 anasema ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma, kiasi cha kutamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili. Kama ndugu zake walikuwa salama tayari, yale maumivu yalikuwa ya nini?

Najua wazo hili lilikopata nguvu. Wayahudi milioni sita waliuawa katika bara lililojiita la Kikristo, na Wakristo wa Ulaya walipoangalia nyuma waliona aibu hata kufungua kinywa. Aibu hiyo ni ya haki. Lakini toba ya chuki ni kuiacha chuki. Kumnyima Myahudi Masihi wake si toba. Ni kumtenga kwa mara nyingine, safari hii kwa maneno mazuri.

Wayahudi walimwua Yesu, Mungu akawaacha, Kanisa likachukua nafasi yao. Mbona unawapendelea? (Msomaji, Mombasa)

Nitakujibu kwa kirefu, maana fikra hii imeua watu.

Yesu alihukumiwa na liwali wa Kirumi na kusulubiwa na askari wa Kirumi, baada ya viongozi wa taifa lake kumtoa. Kanisa la Yerusalemu liliomba katika Matendo 4 likiwataja wote kwa pamoja: Herode, Pilato, Mataifa na watu wa Israeli. Wewe na mimi tumo. Na swali la kama Mungu amewaacha, Paulo aliliuliza kwa maneno yaleyale katika Warumi 11:1, akajibu, "Hasha!" Kisha akatugeukia sisi, matawi ya mzeituni mwitu tuliopandikizwa: usijisifu juu ya matawi yale, si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe.

Kanisa lilipolisahau onyo hilo, angalia lilikofika. Yohana Krisostomo, mhubiri mkubwa kuliko wengi, mwaka 386 na 387 kule Antiokia aliwamwagia Wayahudi matusi mimbarani kwa sababu waumini wake walikuwa wakienda kwenye sikukuu zao. Martin Luther mwaka 1523 aliandika kwa upole kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, na akataka Wayahudi watendewe wema. Mwaka 1543, akiwa mzee na mwenye hasira, alishauri masinagogi yao yachomwe moto. Wanazi waliyachapa upya maneno yake. Kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani mwaka 1994, na Walutheri wetu wa Tanzania na Kenya wanapaswa kuijua historia hiyo, waifundishe hata kwenye kipaimara.

Kuamini kwamba Kanisa limeingizwa katika ahadi za Ibrahimu ni sawa, na mimi naamini hivyo. Kuamini kwamba Mungu amechoka na Israeli ni jambo lingine kabisa, na Warumi 11:29 inalikataa: karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake.

"Israeli wote wataokoka" maana yake nini? (Msomaji, Goma)

Calvin alisema ni watu wote wa Mungu, Wayahudi na Mataifa pamoja. Wengine husema ni Wayahudi wote waaminio wa vizazi vyote. Wengine, na mimi nipo nao, husema Paulo anatazamia Wayahudi kwa wingi wakimgeukia Kristo mwishoni, maana sura nzima inazungumzia taifa hilo na hakuna sababu ya kubadili maana katikati ya sentensi. Wote watatu wanakubaliana kwamba hawataokoka kwa njia nyingine. Anayetumia mstari huu kusema Myahudi anaokoka bila imani hajafika mstari wa 23 wa sura hiyohiyo: watapandikizwa "wasipokaa katika kutokuamini kwao."

Kanisani kwetu sasa tunapiga pembe ya kondoo, tunavaa shali za Kiyahudi na kuadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Nabii anasema asiyefanya hivyo hapati baraka ya mzaliwa wa kwanza. (Msomaji, Dar es Salaam)

Pembe si dhambi. Neno "asiyefanya hivyo hapati" ndilo dhambi. Ndilo lililoitikisa Galatia. Paulo alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, akakataa katakata kumtahiri Tito Myunani, kwa sababu kwa Tito tohara ilikuwa inadaiwa kama sharti.

Mkitaka kuona njia hiyo inaishia wapi kwa mtu aliye mkweli, mwangalieni Semei Kakungulu wa Uganda. Alikuwa jemadari wa Kiganda aliyesoma Biblia ya wamisionari, akaingia kwenye kundi la Kikristo la Bamalaki, kisha mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Kwa muda jamii yake ilichanganya mambo, kisha ikamwacha Yesu kabisa, na wazao wake wa imani, Abayudaya, wapo karibu na Mbale hadi leo. Ninahuzunika kwamba walimwacha Kristo, lakini Kakungulu hakuuza kitu. Nabii wako anataka baraka za Sheria bila mzigo wake, na nadhani kapu la sadaka lipo karibu na hiyo pembe. Muulize pia kama anashika torati yote, maana Wagalatia 5:3 inasema aliyeingia mlango huo anawajibika kwa yote.

Myahudi akimwamini Yesu, aache Uyahudi wake? (Msomaji, Kigali)

Hapana. Matendo 21:20.

Mwanzo 12:3 inasema anayembariki Israeli atabarikiwa. Je, nitume sadaka Israeli? (Msomaji, Nakuru)

Ukitaka kumsaidia mtu aliye na shida huko, Myahudi au Mwarabu, msaidie. Usisahau kwamba Bethlehemu na Nazareti wapo Wakristo Waarabu. Lakini ukilipeleka andiko hilo kwa Mungu kama risiti, umelisoma vibaya. Paulo katika Wagalatia 3:8 analichukua neno hilohilo la Ibrahimu na kuliita Habari Njema iliyohubiriwa mapema: katika wewe Mataifa yote watabarikiwa. Baraka yenyewe ni Kristo, na umeshaipata. Wala kuipenda Israeli hakukufungi mdomo juu ya kila litendwalo na serikali yake. Amosi na Yeremia waliipenda kuliko sisi, na hawakunyamaza.

Nafanya kazi hotelini Arusha. Tunapokea watalii kutoka Israeli, na mmoja ameniuliza kwa nini ninavaa msalaba. Nimhubirie injili gani? (Msomaji, Arusha)

Dada yangu, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Injili ni ileile, ila mlango wa kuingilia ni tofauti, na Matendo inakuonyesha. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, sura ya 13, Paulo anaanza na Misri, anapita kwa Daudi, anafika kwa Yesu. Listra, sura ya 14, kwa watu wasiowajua manabii, anaanza na mvua na nyakati za mavuno. Athene, sura ya 17, anaanza na madhabahu waliyoiona kila siku. Pisidia anatangaza ondoleo la dhambi, Athene anadai toba, na kote kuwili anamtangaza Yule aliyefufuka.

Kwa mgeni wako usianze na msalaba kama pambo. Kwa Wayahudi wengi alama hiyo ilibebwa na watu waliokuja kuwapiga babu zao, na huenda ndiyo sababu ameuliza. Msikilize kwanza. Usimwite mteule wala usimwombe akubariki. Ni mgeni, na watalii wengi wa huko si watu wa sinagogi kabisa. Mwambie kwa maneno yako Yesu amekufanyia nini, na kwamba ulimfahamu Mungu wa Ibrahimu kupitia kwake. Akitaka zaidi, msome pamoja Isaya 53, taratibu, naye asome katika lugha yake. Simu yake itakuwa nayo. Asipotaka, mhudumie vizuri vilevile.