Jawabu kwa mtoto wa kaka yangu, Wete: tulivyoishi na korona Manchester

Assalaam alaykum. Nilipokuja Wete, Pemba, mara ya mwisho, tukiwa barazani baada ya sala ya alasiri, mtoto wa kaka yangu aliniuliza mbele ya wazee: "Ami, wakati wa korona nyinyi mlifungiwa na kutangaziwa idadi kila siku, na sisi tukaambiwa tujifukize. Si bora serikali yenu?" Nilicheka nikageuza mazungumzo, kwa sababu jawabu lenyewe ni refu na sehemu yake inanitia haya.

Haki nitaitoa kwanza. Waajiriwa wengi wa Uingereza waliosimamishwa kazi kwa muda walilipwa asilimia 80 ya mishahara yao, na chanjo ilianza Disemba 2020, wakati ambapo Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu Mei. Hayo siyapingi.

Lakini mimi nilikuwa mfanyakazi katika nyumba ya wazee, mfano wa ile ya Limbani, hapo kwetu Wete, ila yenye mwenyewe anayetafuta faida, na huko ndiko nilikoiona serikali ikifunga kila mlango isipokuwa ule uliokuwa ukiingiza maradhi. Hospitali ziliamrishwa kupunguza wagonjwa ili vitanda vipatikane, na kati ya tarehe 17 Machi na 15 Aprili 2020 watu wapatao 25,000 walihamishiwa kwenye nyumba kama yetu, wengi wao bila kupimwa. Tulimpokea mzee mmoja anayekohoa, nikamlisha uji nikiwa na barakoa niliyoivaa tangu alfajiri na aproni nyembamba ya plastiki iliyochanika begani. Baada ya wiki tatu tulikuwa tumetoa maiti sita. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, uamuzi ambao wale sita hawakuusikia.

Jamaa zao hawakuruhusiwa kuingia. Binti wa mzee mmoja alikuwa akija kila Ijumaa, anasimama bustanini kwenye mvua na kugonga kioo kwa pete yake, na baba, ambaye akili zilikuwa zimeanza kumpotea, akiniuliza yule mwanamke anauza nini. Ilipofika Juni bado alikuwa nje ya kioo. Tarehe 19 ya mwezi huohuo Waziri Mkuu, Boris Johnson, alikusanyika na watu wake ofisini kwa siku yake ya kuzaliwa, na karibu miaka miwili baadaye polisi wakamtoza faini, yeye na waziri wake wa fedha. Kwa mikusanyiko ya aina hiyo katika ofisi za serikali zilitolewa faini 126. Waliotunga sheria walijua vizuri wapi haiwafiki.

Kisha ikaja Idi Kubwa. Usiku wa tarehe 30 Julai, saa tatu ikiwa imepita, mke wangu amekwisha kuroweka mchele na kanzu za watoto zimepigwa pasi, Waziri wa Afya akatangaza kupitia Twitter kwamba kuanzia saa sita usiku, katika Manchester yote na miji ya jirani, watu wa nyumba mbili wasikutane ndani wala bustanini. Nyama ilikuwa tayari kwa watu kumi na wanne, tukaila siku nne. Jumatatu iliyofuata serikali hiyohiyo ikaanza kulipia nusu ya bei ya chakula mikahawani, hadi pauni 10 kwa kila mtu, ili watu watoke wakale nje. Kwa hiyo nilikatazwa kumwandalia ndugu yangu pilau kwangu, na wakati huohuo nikalipiwa nusu ya sahani nikale mbele ya watu nisiowajua. Sijapata kuelezwa hesabu yake mpaka leo.

Haya yangu ni hii: katika miezi hiyohiyo nilikuwa nikiwapigia simu na kuwasuta kwa kutovaa barakoa, nikizungumza kama mtu aishiye penye akili, na mlipouliza hali nikajibu "tuko salama." Maiti sita sikuwatajia.

Mama alifariki siku chache baada ya Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kuzikwa Mtambwe, Februari 2021. Mliniambia ni changamoto ya kupumua, kama korona ilivyoitwa wakati ule, nami sikuuliza zaidi. Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa za hatari kwa korona, na kila anayerejea kutoka huko alilazimika kukaa siku kumi kwenye hoteli iliyopangwa na serikali na kulipa pauni 1,750, kiasi kilichozidi mshahara wangu wa mwezi. Mlinishangaa kutokuja, na mimi nikasingizia ndege. Hitma niliisikiliza jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, na mtandao ukakatika kabla ya dua.