Maswali Yenu: Mdunguaji Anapoanza Msimu wa Kwanza Chuoni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana wanaocheza kikapu kwenye vyuo vya Marekani, au kwa ndugu zao. Tumechagua nne zinazohusu wadunguaji, yaani wachezaji wanaofunga kwa mitupo ya mbali. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna nusu ya maswali ya wengine.

Nilipokuwa sekondari hapa Marekani timu nzima ilinitegemea kwa pointi tatu. Sasa niko mwaka wa kwanza, daraja la kwanza la NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), na katika michezo sita nimefunga mitupo 4 kati ya 21. Juzi nilipokea mpira kwenye kona nikiwa peke yangu, nikaupasi. Kocha akanitoa papo hapo. Mazoezini mpira unaingia vizuri tu. Nimepoteza nini?
*Mkono Mzito*

Kwa maelezo yako, kilichokutoa uwanjani ni ule mtupo mmoja ulioukataa. Hizo 17 ulizokosa kocha anazivumilia. Mdunguaji aliye huru akikataa kurusha, mlinzi wake anapata muda wa kurudi, saa ya sekunde 30, muda ambao timu inapaswa iwe imerusha, inaendelea kuliwa, na shambulizi lililotengenezwa kwa skrini mbili (wenzako kusimama njiani kumkinga mlinzi wako) linaanza upya. Mara ya pili na ya tatu, wenzako nao wataacha kukutafuta.

Sasa hesabu. Tuseme wewe kwa kweli ni mdunguaji wa asilimia 35, kiwango kinachoheshimika chuoni. Mdunguaji wa namna hiyo akirusha mara 21, atafunga 4 au pungufu takriban mara 9 katika kila 100, kwa bahati mbaya tu, bila kitu chochote kuharibika. Akirusha mara 5 kwa mchezo, atatoka mikono mitupu karibu mchezo mmoja katika kila tisa. Michezo sita haijatosha kukuhukumu. Subiri mitupo 80 au 100 ndipo uanze kuiamini asilimia yako, na hata hapo iangalie kwa jicho la mashaka.

Kuna na vitu viwili vilivyobadilika kweli. Mstari wa pointi tatu wa sekondari za Marekani uko mita 6.02 kutoka kikapuni. Wa vyuo, kwa wanaume, umekuwa mita 6.75 tangu msimu wa 2019-20, na kwenye kona ni kama mita 6.60. Hizo sentimita 73 haziombi nguvu za mkono, zinaomba miguu. Anayeziziba kwa bega husukuma mpira ukaenda bapa. Pete ina kipenyo cha sentimita 45.7 na mpira wa wanaume kama sentimita 24. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, nafasi unayoiona mbele yake ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 35 inabaki 26, yaani mpira unapenya kwa kubahatisha. Cha pili ni mlinzi: sekondari alikufikia mpira ukiwa umeshatoka mkononi, hapa anafika ukiwa kifuani.

Ndiyo maana kusita kunaua mtupo. Anayesita hupokea mpira magoti yamenyooka, anamtazama mlinzi, kisha anachuchumaa upya ili aruke. Nguvu ya kwanza imeshapotea, mdundo umekatika, na mpira unaachiwa wakati mwili umeanza kushuka. Unagonga mbele ya pete. Halafu anasema amepoteza kujiamini, ilhali magoti ndiyo yaliyochelewa.

Kwa hiyo uamuzi uhamishe: ufanyike kabla mpira haujafika. Kaa na kocha msaidizi, tazameni video ya mitupo yako yote, muigawe mafungu mawili. Fungu la mitupo yako: miguu imetulia, mlinzi yuko mbali zaidi ya mkono ulionyooshwa, pasi imetoka ndani kuja nje, au umetoka kwenye skrini ukiwa umemwacha mlinzi nyuma. Fungu la isiyo yako kwa sasa: baada ya dribo mbili huku mlinzi yuko kiunoni, au sekunde ya tano tu tangu shambulizi lianze, wakati hakuna mwenzako aliye tayari kwa ribaundi (kuudaka mpira uliokosa). Mkubaliane kwa maneno, kocha mkuu ajue. Kuanzia hapo, mtupo wa fungu la kwanza ukikosa si kosa lako, na wa fungu la pili ukiingia si sifa.

Mazoezini kwenu, nina hakika, unarusha mipira kumi kutoka sehemu moja ukipasiwa na mtu asiyekukaribia. Hiyo inapasha mkono moto, haifundishi mchezo. Jaribu hivi, kwa muda usiozidi dakika 45:

Anza mita mbili kutoka kikapuni, mkono mmoja tu, hadi ufunge 25 bila mpira kugusa chuma kwa nguvu. Rudi nyuma hatua moja moja. Ukifika mstarini, usirushe mara mbili mfululizo kutoka sehemu ileile: kona, bawa, juu, bawa la pili, ukikimbia kila mara, na mguu wa ndani, ulio karibu na kikapu, ukitua kwanza. Fanya mitupo 60. Kisha mwenzako akukimbilie mkono juu kutoka chini ya kikapu, mitupo 40, naye awe na ruhusa ya kukugusa kiganja baada ya kuachia. Malizia kwa mitupo huru (ile ya faulo) miwili miwili, jumla 20, ukiwa unahema. Andika matokeo ya ile 40 pekee. Hiyo ndiyo namba inayofanana na mchezo, na itakuwa ndogo kuliko uliyoizoea. Usiogope.

Kuhusu kuanza vibaya: Stephen Curry, mdunguaji maarufu wa NBA, msimu wake wa kwanza katika chuo cha Davidson, 2006-07, alipoteza mpira mara 13 katika mchezo wa kwanza dhidi ya Eastern Michigan. Mchezo uliofuata, dhidi ya Michigan, alifunga pointi 32, na msimu ukaisha akiwa na pointi tatu 122, rekodi ya wachezaji wa mwaka wa kwanza kwa wakati huo. Kocha Bob McKillop hakumfungia benchi. Hatusemi wewe ni Curry. Tunasema makocha wanajua kwamba mchezo mmoja ni ushahidi hafifu.

Ninapewa dakika sita au saba tu, tena zimekatwa vipande. Nikiingia mwili umepoa, mtupo wa kwanza unakuwa mfupi, natolewa. Nitajengaje imani kwa dakika sita?
*Wa Benchi*

Mtupo mfupi wa mtu aliyetoka benchi ni wa miguu baridi, mara nyingi hauna jambo la kichwani. Ukiwa benchi, simama kila mpira unapokufa, panda vidole vya miguu mara 15, chuchumaa kidogo mara 10, na nguo ya juu isikae mwilini muda wote mpaka ukatoa jasho la kukutia baridi. Muda wa mapumziko ni wako: nenda nusu uwanja ya timu yenu mapema, rusha kutoka karibu hadi mbali.

Halafu, usiache mtupo uwe kazi yako ya kwanza. Ukiingia, chagua kitu kisichotegemea bahati: mzuie mtu wako asipate ribaundi, kimbia hadi kona kwenye kila shambulizi, piga kelele ya ulinzi. Mlinzi akikufuata hadi kona tayari umemfungulia mwenzako njia, hata usipogusa mpira, na makocha wanaoangalia video wanaliona hilo.

Zoezi: kaa chini dakika tano, inuka, rusha mtupo mmoja wa pointi tatu, kaa tena. Linachosha akili na linaonekana la kijinga ukilifanya peke yako ukumbini. Lakini mazoezi ya mtu wa benchi yanapaswa kufanana na kazi ya mtu wa benchi. Jumla ya mitupo minane kwa kikao inatosha.

Mdogo wangu yuko chuo kimoja huko, msimu wake wa kwanza. Kila baada ya mchezo ananipigia, nami namweleza makosa niliyoyaona kwenye matangazo: kiwiko, vidole, kuruka. Siku hizi hapokei simu. Nimsaidieje?
*Kaka Mtu*

Acha kiwiko, kaka. Kijana huyo ana makocha watatu au wanne wanaomwambia la kwao, na kamera inayomwonyesha kutoka pembeni haikuonyeshi kiwiko sawasawa. Sauti ya tano inamfanya afikirie mkono wakati anapaswa kufikiria kikapu.

Mpigie kesho yake, siyo usiku uleule. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, masomo yanaendaje. Kanuni za NCAA zinaweka ukomo wa saa 20 kwa wiki kwa mazoezi yanayosimamiwa, lakini safari na usiku wa mabasi havimo kwenye hizo saa, na mguu uliochoka ndio unaoleta mtupo mfupi. Kama lazima useme la uwanjani, muulize swali moja tu: "Leo ulikataa mitupo mingapi uliyokuwa huru?" Akijibu hakuna, mpongeze hata kama alifunga sifuri.

Je, nibadilishe mtindo wa kurusha sasa, katikati ya msimu? Rafiki ameniambia mpira wangu unaanzia chini sana.
*Nina Haraka*

Subiri msimu uishe. Mabadiliko ya umbo hushusha asilimia kwa wiki kadhaa kabla hayajaipandisha, na wiki hizo huna.

Kwa sasa soma makosa yako. Mipira ikikosa mbele au nyuma, ikiwa imenyooka, rekebisha miguu na tao la mpira hewani, basi. Ikikosa kulia au kushoto mara kwa mara, tazama kidole gumba cha mkono wa kusaidia: kikisukuma mpira wakati wa kuachia, unapinda. Bandika plasta kuzunguka gumba na kidole cha shahada cha mkono huo vikae pamoja, rusha mitupo 30 ya karibu kila siku kabla ya mazoezi, kisha itoe. Hilo moja unaweza kulifanya hata Januari.