Kidonge, sindano au kondomu: majibu kwa vijana wa kiume

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, baadhi yao wakiwa na wapenzi wa kike pia. Wote wanauliza kuhusu kinga ya VVU, na hakuna hata mmoja aliyetaja kupima. PrEP, yaani dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, haianzishwi bila kipimo, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa akiitumia peke yake huwafundisha virusi usugu.

Swali: Nina miaka 21 na ninaishi na wazazi. Kati ya kidonge cha kila siku na sindano, ipi ina nguvu zaidi?

Jibu: Nguvu ya dawa ambayo haijamezwa ni sifuri. Katika utafiti wa iPrEx wa mwaka 2010, kidonge kilipunguza maambukizi kwa asilimia 44 tu, kwa kuwa wengi waliopewa hawakukimeza ipasavyo. Waliokutwa na dawa mwilini walikingwa kwa zaidi ya asilimia 90. Sindano ya cabotegravir, ambayo huchomwa kila baada ya miezi miwili, ilikishinda kidonge ilipolinganishwa nacho, na haikuachii kopo la kuficha chini ya godoro. Hata hivyo, ukiiacha, mabaki yake hukaa mwilini kwa miezi mingi yakiwa hafifu mno kukukinga, hivyo anayeikatiza huku bado yumo hatarini hana budi kuhamia kwenye vidonge. Mhudumu anayekuchagulia kabla hajakuuliza unaishi vipi, mkumbushe kwa heshima kwamba mwili ni wako.

Swali: Hukutana na mwenzangu mara moja kwa mwezi. Lazima nimeze kila siku?

Jibu: Si lazima. Meza vidonge viwili kati ya saa 2 na 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo, na kingine saa 24 baadaye. Tendo likirudiwa, endelea na kimoja kila siku hadi siku mbili zipite tangu tendo la mwisho. Mwenye homa ya ini aina ya B asifuate ratiba hii, na mwenye mpenzi wa kike asimgawie vidonge kwa ratiba hiyo, kwani haimfai mwanamke.

Swali: Juzi kondomu ilipasuka. Nianze PrEP?

Jibu: Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Baada ya tukio hutumika PEP, yaani dawa za dharura za kuzuia VVU, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Aliye katika hali hiyo leo aende kituoni, asisubiri safu hii.

Swali: Je, kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka?

Jibu: Ipo, inaitwa lenacapavir. Marekani iliiidhinisha kwa kinga Juni 2025.

Swali: Nikiwa na PrEP, kondomu ya nini?

Jibu: Kaswende na kisonono havizuiliki kwa PrEP. Ukivaa kondomu ya mpira, tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Mafuta ya kujipaka huipasua, na pengine ndiyo yaliyompata mwenzako aliyepasukiwa na kondomu juzi.